Kufundisha Utunzaji wa Nywila katika Shule ya Msingi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya Darasa la Sita kumwangalia mwanachuo wetu akifundisha usalama wa akaunti za mtandaoni. Andalio lake la somo lilikuwa safi na shabaha zake zilieleweka. Alikwisha kuandika ubaoni kwamba nywila njema ni ndefu, huchanganya herufi na tarakimu, wala haambiwi mtu. Kisha, kwa kufuata desturi tuliyomfunza ya kuwashirikisha watoto, akauliza: "Nani atatupa mfano wa nywila?" Mikono mingi ikanyooshwa. Mvulana mmoja akasimama, akataja tarakimu nne kwa sauti kuu. Mwalimu akamwuliza ni za nini. "Za mama, Mwalimu. Za kutolea pesa kwenye simu."

Darasa likacheka. Sisi hatukucheka, kwani watoto zaidi ya hamsini walikwisha kuisikia namba ile, na wengi wao ni majirani wa mama huyo. Mchana ule ule tulifuatana na mwanachuo hadi kwenye genge lake la mboga, tukamweleza yaliyotokea na kumwomba radhi. Akaibadilisha namba pale pale, nasi tukiwa tumempa kisogo.

Tungependa kusema kwamba kosa lilikuwa la mwanachuo peke yake, lakini sivyo. Sisi wakufunzi tulimpa kanuni za kukariri, naye akazikaririsha. Wala hatukuwa tumemwonya kwamba katika somo hili mfano wa kweli hauombwi kamwe, si kwa mtoto wala kwa mtu mzima.

Kuna upungufu mwingine, nao ni mkubwa zaidi. "Usimwambie mtu" ni kanuni ya kweli, lakini wengi wanaoibiwa akaunti zao hawakumwambia mtu yeyote. Walitumia nywila moja mahali pengi. Mtu hujiandikisha katika tovuti ndogo ya kupakua vitabu, akaisahau. Tovuti ile ikavunjwa na wezi, nao wakachukua anwani yake ya baruapepe pamoja na nywila. Wezi hao hawana haja na vitabu. Huichukua nywila ile ile na kuijaribu kwenye baruapepe, na aliyeshika baruapepe ya mtu aweza kubadili nywila za akaunti zake nyingine karibu zote. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa nywila zipatazo milioni 32, zilizokuwa zimehifadhiwa wazi bila fumbo lolote. Ilipohesabiwa iliyotumiwa na watu wengi kuliko zote, ilionekana kuwa ni 123456. Zaidi ya watu 290,000 walikuwa wameichagua.

Tuliporudi chuoni tuliwaomba wanachuo waandike kwenye karatasi, bila kutaja nywila yoyote, idadi ya akaunti walizo nazo na idadi ya nywila wanazozitumia. Wengi walikuwa na akaunti zaidi ya kumi na nywila mbili au tatu. Hatuwalaumu. Kichwa cha binadamu hakikuumbwa kukumbuka maneno kumi na mawili yasiyo na maana, na mwalimu anayewaamuru watu wayakumbuke anawafundisha kudanganya.

Hapo ndipo inapoingia programu ya kutunzia nywila. Hiyo ni kama kasha lililomo ndani ya simu au kompyuta. Kila akaunti hupewa nywila yake, ndefu na ya kubahatisha, ambayo programu yenyewe huitunga. Mwenye kasha hukumbuka nywila moja tu, yaani nywila kuu. Yaliyomo huandikwa kwa fumbo, na ufunguo wa fumbo hutokana na nywila kuu hiyo. Ziko programu za bure: KeePass, iliyoanza mwaka 2003, huweka kasha katika faili moja ndani ya chombo chako na haihitaji intaneti, Bitwarden, iliyoanza mwaka 2016, huliweka kwenye mtandao ili lifunguke katika simu na kompyuta pia. Tena programu inayojaza nywila yenyewe hutazama anwani ya tovuti kwanza. Mwizi akitengeneza ukurasa unaofanana na wa benki kwa sura, programu haitajaza kitu, hata kama macho yako yamekwisha kudanganyika.

Zana za kufundishia

Kwa Darasa la Sita hapahitajiwi kompyuta. Chukua bahasha sita, kila moja iwe na jina la akaunti ya kubuni, na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa ili lipitishe kufuli dogo. Katika mzunguko wa kwanza tia neno lile lile katika bahasha zote, umpe mtoto mmoja kazi ya kuwa mwizi. Bahasha ya "duka la vitabu" iache bila gundi. Mwizi huifungua, husoma neno, huenda kwa kila mlinzi wa akaunti na kulitamka, wote watamfungulia. Katika mzunguko wa pili kila bahasha iwe na neno lake, na nakala za maneno yote zifungiwe koponi. Mwizi ataipata akaunti moja, na kwa nyingine atafukuzwa. Watoto watalielewa jambo hili upesi kuliko mistari kumi ya ubaoni.

Nywila kuu ifundishwe kwa dadu. Mwaka 1995 Mmarekani Arnold Reinhold alieleza njia iitwayo Diceware: dadu hurushwa mara tano kupata neno moja katika orodha ya maneno 7,776. Darasani tumia orodha ya maneno 36 ya kawaida, kama kisima, mkeka, dafu na jembe, na dadu mbili za rangi tofauti. Kwa maneno manne watoto wakokotoe 36 × 36 × 36 × 36, wapate 1,679,616, walinganishe na namba ya siri ya tarakimu nne, ambayo ina njia 10,000 tu. Hii ni Hisabati nzuri. Lakini waelezwe kwamba orodha ya 36 ni ya mazoezi. Nywila kuu ya kweli yataka orodha kubwa na maneno sita hivi, na iliyoandikwa ubaoni isitumiwe na mtu.

Uwe tayari kwa swali tuliloulizwa na binti mmoja: "Mwalimu, je, mwizi akilibeba kopo zima?" Usilikwepe. Mwaka 2022 wezi walichukua nakala za makasha ya wateja wa LastPass. Nywila zilizomo zilikuwa katika fumbo, lakini anwani za tovuti hazikuwamo katika fumbo, na kasha lenye nywila kuu dhaifu laweza kukisiwa na mwizi mwenye kompyuta zenye nguvu na subira. Kwa hiyo kopo ni imara kadiri ya kufuli lake. Tena mwenye kuisahau nywila kuu aghalabu hulikosa kasha lake daima. Yampasa kuiandika kwenye karatasi na kuiweka nyumbani pamoja na vyeti vyake.

Asiye na simu janja asidharauliwe. Daftari lenye nywila tofauti, lililofungiwa sandukuni, ni bora kuliko nywila moja iliyokaririwa. Namba za siri za pesa, hata hivyo, zisiandikwe katika daftari hilo. Kwenye kompyuta za maabara ya chuo, kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nywila yako, kikatalie.

Katika kupima somo, usimwagize mwanafunzi atunge nywila na kukuletea, kwani utakuwa umerudia kosa la mwanzo kwa kalamu nyekundu. Mpe kisa: Asha ana akaunti tatu zenye nywila moja, na tovuti moja imevunjwa. Abadilishe ipi kwanza, na kwa nini? Anayejibu kwamba aanze na baruapepe, akaeleza sababu, mpe alama zote.