SOMO KWA VYAMA: GARI LINAPOISHIA NA MIGUU INAPOANZA



Msafiri atokaye Manyoni kwenda Singida hufika Mkiwa akiwa juu ya lami. Hapo njia hugawanyika: moja huendelea Singida, na nyingine hushika Itigi, Rungwa, Makongolosi hadi Mbeya. Kipande cha mwanzo cha njia hiyo ya pili, yaani Mkiwa–Itigi–Noranga chenye kilometa 56.9, kimekwisha kuingizwa katika mpango wa lami. Somo letu halihusu barabara hiyo. Linahusu vijia vinavyochepuka pembeni mwake na kuingia msituni, kule yaliko makambi ya warina asali, ambako gari la chama huenda likiwa zima na mara nyingi hurudi likiwa limevunjika springi.

Katika vyama vya wafuga nyuki, hakuna jambo linalozua ugomvi wa kila mwaka kama hili: gari lifike wapi? Mwanachama mwenye mizinga ya mbali husema naye ni mwanahisa, basi gari lifike kambini kwake kama linavyofika kwa wenzake. Mwenye mizinga ya karibu hujibu kwamba dizeli inayochomwa kumfuata yule wa mbali ni fedha ya wote. Kila mmoja ana haki yake. Ila mara nyingi amuzi hutolewa na dereva, peke yake, saa kumi jioni, mbele ya dimbwi. Hilo ndilo tunalotaka likome. Mahali gari linapoishia hapana budi paamuliwe na Kamati kabla ya msimu, paandikwe katika muhtasari, na wanachama wote wapajue.

Ili Kamati iamue kwa haki, yafaa kwanza ielewe ardhi yenyewe. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, wa kituo cha utafiti cha Amani, alisafiri katika sehemu kadhaa za Tanganyika akichunguza udongo, tena wakati wa masika. Yeye ndiye aliyeueleza mpangilio ambao wakulima wetu waliujua kwa jembe: udongo hubadilika kwa utaratibu ule ule kutoka kilimani hadi bondeni, kisha ukapanda tena kwa utaratibu huo huo. Aliupa jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Kwa kawaida juu pana udongo mwekundu, mteremkoni mchanga wa kijivu, na chini kabisa udongo mweusi wa mbuga. Kwa dereva, mnyororo huo ni ramani. Penye wekundu aendeshe, penye mchanga apunguze upepo wa matairi na asisimame ovyo, na penye weusi baada ya mvua asiingie. Udongo wa mbuga ukinywa maji huvimba na kuteleza kama sabuni, na ukikauka hupasuka mianya inayoweza kumeza nusu ya tairi. Siku tatu za jua baada ya mvua kubwa zinaweza kuonyesha uso mkavu huku chini bado ni uji. Utingo atangulie kwa miguu na fimbo; fimbo ikizama kwa urahisi, gari lisipite.

Juu ya hayo, upande wa Itigi una tabia yake. Katika misitu ya miyombo miti imeachana, na dereva akikuta mahali pabaya aweza kuzunguka kati ya miti. Vichaka vya Itigi havina ruhusa hiyo. Ni msitu mfupi, uliosongamana, wenye matawi yaliyofumana tangu chini, na mtu aliyesimama hatua chache kutoka njiani haonekani. Gari likiingia humo haliwezi kupishana na jingine, wala kugeuka. Kwa hiyo shimo moja lililo kilometa ya tano hulazimisha gari kurudi kinyumenyume kilometa tano, au kukwama. Wengine hushika panga na kufyeka njia mpya kando ya shimo. Hilo tunalikataza kabisa: sehemu ya vichaka hivyo ni hifadhi, kama ile Hifadhi ya Nyuki ya Aghondi, na kila upenyo unaofyekwa huwa mlango wa mkata mkaa. Anayefyeka maua leo asimlaumu nyuki kesho.

Basi kanuni ya kwanza ya kuchagua mwisho wa gari iwe hii: mahali pa kugeuzia. Gari liishie penye uwazi wa kulitosha kugeuka likiwa na mzigo, pasiwe chini ya bonde, na pawe upande wa huku wa mbuga nyeusi, si upande wa kule. Pakikosa sifa hizo, hata pakiwa jirani na kambi, si mahali pa kuishia.

Kanuni ya pili ni uzito, na hapa ndipo vyama vingi hujidanganya bila kujua. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Ikijaa asali ina kilo 28 hivi, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji kwa karibu nusu yake. Mwanachama huhesabu ndoo 40 akaona ni kilo 800, mzigo halali kwa gari la tani moja. Kumbe ni kilo 1,120, bila kuhesabu ndoo zenyewe, dereva, utingo, na wale warinaji watatu waliopanda juu kwa kuwa miguu inawauma. Gari la tani moja lipewe ndoo 28, ambazo ni kilo 784, ili ibaki nafasi ya watu, gurudumu la akiba na vyombo. Gari lililozidishiwa uzito hukalia springi zake, tumbo hushuka, na ule mgongo wa udongo ulioachwa katikati na matairi ya malori hukwaruza sampo na difu. Oili ikimwagika kilometa 40 kutoka Itigi, asali yote iliyomo garini haitalipa injini.

Juu ya uendeshaji wenyewe tutasema machache, maana dereva mzuri anayajua na mbaya hasomi gazeti. Gia nzito ya magurudumu manne iingizwe kabla ya mahali pabaya. Kuingiza gari likiwa limeshazama ni kuchelewa. Breki ikanyagwe kabla ya shimo, kisha iachiwe gurudumu linapotumbukia. Anayeng'ang'ania breki ndani ya shimo huibana springi ya mbele na kuipiga kwa uzito wote wa gari. Tairi likianza kuzunguka bila kusogea, mguu utoke kwenye mafuta mara moja, kwani kila mzunguko ni jembe linalochimba. Upepo uliopunguzwa mchangani urudishwe kabla ya kufika lami ya Mkiwa, kwa hiyo pampu si chombo cha hiari. Pamoja nayo pawepo jembe, panga la kukatia visiki vilivyoangukia njiani, kamba nene ya kuvutia, na kipande cha ubao wa kulazia jeki, ambayo bila ubao huzama mchangani na kuliacha gari pale pale.

Sasa turudi kwenye haki ya mwanachama wa mbali, ambayo kwa maoni yetu ndiyo kiini cha shauri. Kumwambia abebe mwenyewe bila malipo ni kumwonea. Mavuno makubwa huja kiangazi, njia zikiwa kavu, na pengine yeye hanung'uniki sana. Lakini mavuno madogo huangukia karibu na mvua za kwanza, wakati huo huo mbuga zinapofunga. Akikosa msaada, hataacha asali ioze. Atamwuzia mchuuzi wa pikipiki aliyemfuata kambini, kwa bei ya mchuuzi na kwa mizani ya mchuuzi. Chama hupoteza mzigo, na mwaka unaofuata hupoteza mwanachama.

Dawa yake ni posho ya ubebaji. Chama kiweke kiwango kwa kila ndoo kwa kila kilometa kutoka kambini hadi mwisho wa gari, kilipwe pale pale mzigo unapopimwa. Punda mmoja hubeba ndoo mbili, na baiskeli inayosukumwa kadhalika. Kambi ikiwa kilometa 6 ndani na ina ndoo 28, hizo ni safari 14 za punda. Wenye punda wanne wataimaliza kwa safari nne, yaani siku mbili au zaidi kidogo. Katibu achukue jumla ya posho hiyo, ailinganishe na dizeli ya kilometa 12 za gia nzito, mshahara wa siku za ziada, na fedha iliyotumika kwa springi, shokomzoba na matairi katika msimu uliopita. Kila chama kitie bei zake. Yawezekana kwa kambi fulani gari likashinda, hasa kiangazi, basi liende. La muhimu ni kwamba hesabu isomwe mbele ya mkutano, ili mwanachama wa karibu aone kwamba posho ya mwenzake si upendeleo.

Hesabu hiyo haifanyiki bila daftari la safari. Liandikwe tarehe, kilometa za kutoka na kurudi, lita za dizeli, idadi ya ndoo na uzito wake, mahali gari lilipogeuzwa, na hali ya kila mbuga lililovuka. Dereva atie sahihi, na mrinaji mmoja aliyekuwapo atie sahihi pia. Daftari liletwe kwenye kikao cha Kamati cha Oktoba, kabla mvua hazijaanza, pamoja na kibali cha kuingia hifadhini kwa kambi zilizo ndani ya mipaka yake.