"Put off": maana zake na matumizi yake

Mtahiniwa, unaijua "put" na unaijua "off", lakini ukizijumlisha hupati maana ya "put off". Ndivyo zilivyo "phrasal verbs" nyingi. Hata Kiswahili kina mambo hayo: "wekeza" imetokana na "weka", lakini mwekezaji si mtu wa kuweka vitu tu.

Maana ya kwanza ni kuahirisha. Tuseme mwanafunzi wa Kahororo yuko bandarini Bukoba, na tiketi ya meli mkononi:

The captain has put off the voyage to Mwanza until Saturday.

Usiichanganye na "call off", yaani kufuta kabisa. Akiambiwa safari imekuwa "put off", anasubiri Jumamosi. Akiambiwa "called off", anadai nauli yake. Katika mtihani, neno kama "until" linakuonyesha jambo bado lipo.

Kitendo kikifuata, kipe "-ing": She put off paying the fees. "Put off to pay" ni kosa. Wakati uliopita nao haubadilishi "put".

Sasa mpangilio wa maneno. Nomino hukaa mwishoni au katikati: "put off the voyage", "put the voyage off". Kiwakilishi hukaa katikati tu: "put it off", kamwe si "put off it". Kiswahili kitakukumbusha: katika "ameiahirisha", ile "i" ya safari imebanwa ndani ya kitenzi. Lakini usiitumie hila hii kila mahali. "Look after" haitenganishwi, tunasema "look after him".

Maana ya pili ni kuondoa hamu:

The smell of fried grasshoppers put the visitor off.

Mgeni hakuonja senene. (Wenyeji walifurahi, sahani ilibaki yao.)

Maana ya tatu ni kupoteza umakini wa mtu: The noise put me off and I lost count.

Ukibabaika, tazama kilichotendwa. Likiwa jambo, kama safari au mkutano, mara nyingi ni kuahirisha. Akiwa mtu, fikiria kwanza hamu au umakini.

Zoezi: Andika upya kwa kutumia "put off".
(a) They postponed it because of the rain.
(b) The dirty plates made her lose her appetite.

Majibu:
(a) They put it off because of the rain.
(b) The dirty plates put her off.