Deki ya CD ya mamilioni: bei inalipia nini hasa?

Wauzaji wa vifaa vya muziki wana methali wanayoipenda: rahisi huvunja upishi. Mteja anaposita mbele ya deki ya CD ya Sh. 3,000,000, huambiwa kuwa ile ya Sh. 400,000 itamharibia muziki, na kwamba kitu kizuri hakiwezi kuwa cha bei poa.

Kwa mtu anayenunua kwa ajili ya sebule yake, hilo ni suala la mfuko na mapenzi. Kwa mfanyabiashara mdogo ni suala la mtaji. Mwenye ukumbi wa sherehe, mwenye baa au muuzaji wa mitumba ya elektroniki anayeletewa deki ya aina hiyo na mgeni anayehama nchi, anatakiwa kufungia fedha za miezi kadhaa ndani ya sanduku moja la chuma. Akikosea, biashara nzima inayumba.

Kanuni ya kupima bei ya namna hii ni moja. Bei igawanywe mafungu, na kila fungu lioneshwe linalipia kitu gani. Fungu linalokosa maelezo ni la jina. Jina nalo lina thamani yake sokoni, lakini mnunuzi ajue kuwa ndilo analolilipia.

SAUTI NI FUNGU DOGO

CD haina sauti ndani yake, ina namba. Kwa mujibu wa kipimo ambacho Philips na Sony walikubaliana mwaka 1980, kila sekunde ya muziki hugawanywa vipande 44,100 kwa kila upande wa stereo, na kila kipande hupewa namba moja kati ya 65,536. Kipimo hicho kinatosha kubeba sauti zote ambazo sikio la binadamu linaweza kuzisikia, kwani mwisho wake ni kama hezi 20,000 na wengi hawafiki hapo.

Kazi ya deki ni kuzisoma namba hizo kwa mwanga wa leza, kusahihisha makosa yanayotokana na vumbi na mikwaruzo, kisha kuzigeuza kuwa umeme unaokwenda kwenye amplifaya. Hakuna deki inayoweza kuongeza kitu ambacho hakimo kwenye CD.

Sony ilipoingiza sokoni Japani deki yake ya kwanza, CDP-101, tarehe 1 Oktoba 1982, bei ilikuwa yeni 168,000. Wakati ule kazi ya kugeuza namba kuwa sauti ilikuwa ngumu na ya gharama. Miaka iliyofuata kazi hiyo ilihamia kwenye chipu ndogo zinazotengenezwa kwa wingi, na deki za bei ya chini zikaanza kuifanya vizuri.

Mwaka 2007, watafiti wawili wa Marekani, E. Brad Meyer na David Moran, walichapisha matokeo ya majaribio yao katika jarida la Audio Engineering Society. Wasikilizaji walichezewa rekodi za kiwango cha juu kuliko CD, kisha rekodi hizo hizo zikiwa zimepitishwa kwenye kipimo cha CD, bila kuambiwa ipi ni ipi. Katika majaribio 554, walipatia mara 276. Hiyo ni chini kidogo ya nusu, sawa na mtu anayerusha sarafu. Tofauti ilianza kujitokeza pale tu sauti ilipofunguliwa juu mno katika sehemu za kimya.

Hiyo haina maana kwamba deki zote ni sawa. Ipo deki yenye mvumo wa transfoma, ipo inayorukaruka, na ipo inayogoma kusoma CD yenye mkwaruzo mdogo. Lakini kasoro hizo huonekana mapema, na kuziepuka hakuhitaji mamilioni.

Mwenye ukumbi akumbuke pia kuwa spika na chumba chenyewe hubadili sauti kuliko deki. Fedha za ziada zikielekezwa kwenye spika, wateja watasikia.

JARIBIO LA DUKANI

Muuzaji akidai kuwa deki ya ghali inasikika vizuri zaidi, adai hilo kwa vitendo. Lakini upo mtego mmoja ambao wanunuzi wengi hawaujui.

Kwa kawaida deki ya CD hutoa umeme wa volti 2 pale sauti inapofika kileleni. Baadhi ya deki za ghali hutoa zaidi. Ikitoa volti 2.5, sauti hupanda kwa karibu desibeli 2 bila mtu kugusa kitufe. Sikio husikia sauti iliyopanda kidogo kama sauti iliyo nzuri zaidi, yenye uhai. Mnunuzi anaondoka akiamini amesikia ubora, kumbe amesikia ukubwa wa sauti tu.

Njia ya haki ni hii. Zitafutwe nakala 2 za CD ile ile, moja kwa kila deki. Fundi asawazishe sauti kwa kupima kwa mita volti zinazofika kwenye spika. Kisha mtu mwingine, asiyeonekana na msikilizaji, arushe sarafu kuchagua deki ya kuanza kucheza. Msikilizaji ataje ni ipi, na zoezi lirudiwe mara 10.

Anayebahatisha hupata kama 5. Kupata 9 au 10 kwa bahati hutokea mara 11 tu katika 1,024. Kwa hiyo anayefikisha 9 pengine amesikia tofauti ya kweli, na akitaka kuilipia, anajua anachonunua. Anayepata 5 au 6 amesikia bei.

Muuzaji anayekataa jaribio hili hana lazima ya kuwa mwongo. Lakini mnunuzi naye hana lazima ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

FUNZO LA MWAKA 2010

Mfano unaofaa kukumbukwa ni wa Marekani. Kampuni ya Lexicon, yenye jina kubwa katika vifaa vya sauti, iliuza deki ya Blu-ray iitwayo BD-30, inayocheza pia CD, kwa dola 3,500.

Mwezi Januari 2010, jarida la Audioholics liliifungua. Ndani ya kasha la Lexicon ilikutwa deki ya Oppo BDP-83, pamoja na chasisi yake. Deki hiyo ya Oppo ilikuwa ikiuzwa dola 499 madukani. Jarida liliripoti kuwa hata vipimo vya sauti havikuonesha tofauti ya maana.

Tofauti ya bei ilikuwa dola 3,001, yaani mnunuzi alilipa mara 7. Oppo haikuwa deki mbaya, ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni maelezo ya fungu lile la dola 3,001, ukiacha kasha na jina.

Funzo kwa mfanyabiashara ni kuomba kifuniko kifunguliwe, au kumlipa fundi redio ujira wa saa moja aangalie kilichomo. Ujira wa fundi ni mdogo kuliko hasara.

VITU VYENYE THAMANI YA KWELI

Yapo mambo ambayo bei ya juu inaweza kuyalipia kwa haki.

La kwanza ni lenzi ya leza na mtambo unaoizungusha CD. Hivyo ndivyo vinavyochakaa, na ndivyo vinavyoamua maisha ya deki. Hapa mambo huwa kinyume cha matarajio ya wengi. Lenzi ya Sony ya aina ya KSS-213 ilitumika katika deki nyingi za makampuni mbalimbali, na mbadala wake bado unapatikana. Mtambo wa Philips uitwao CD-Pro2, uliotumiwa katika deki za ghali, uliacha kutengenezwa. Deki ya kawaida inaweza kupona, na ya mamilioni ikawa pambo la kabati.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, iulizwe namba ya lenzi. Ikishajulikana, ulizwe muuzaji wa vipuri kama anayo na kwa bei gani.

La pili ni volti. Deki zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, za Marekani volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni 240. Kibao cha nyuma kisomwe kabla ya plagi kuingia ukutani. Kama inahitaji transfoma ya kushusha umeme, gharama yake iingizwe kwenye bei.

La tatu ni ujenzi: droo isiyokwama, transfoma isiyovuma, na plagi za nyuma zisizolegea. Kwa ukumbi, deki yenye plagi za XLR ina faida, kwani waya mrefu hautaokota kelele kirahisi.

La nne ni huduma baada ya mauzo. Waranti ya wakala aliyeko nje ya nchi haina maana kwa fundi aliyeko Mwanza au Mombasa.

Deki ya mitumba ijaribiwe ikiwa imeshapata joto, baada ya saa moja ya kucheza, kwa sababu leza iliyochoka huanza kugoma hapo. Ichezeshwe wimbo wa mwisho wa CD ndefu, na CD iliyochomwa kwenye kompyuta, ambayo hurudisha mwanga kidogo kuliko ya kiwandani. Rimoti nayo isisahaulike. Baadhi ya deki haziwezi kufanya kila kitu bila rimoti yake.

HESABU YA MWAKA MMOJA

Baada ya hapo bei igeuzwe kuwa gharama ya mwaka. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, na kila mmoja aweke tarakimu zake.

Deki A ni mpya ya kawaida, Sh. 400,000. Baada ya miaka 5 itauzwa Sh. 50,000. Uchakavu wake ni Sh. 350,000, sawa na Sh. 70,000 kwa mwaka.

Deki B ni ya kifahari ya mitumba, Sh. 3,000,000. Katika miaka 5 itabadilishwa lenzi kwa Sh. 300,000, kisha itauzwa Sh. 1,800,000. Gharama ni Sh. 1,500,000, sawa na Sh. 300,000 kwa mwaka.

Bado kuna gharama ambayo wengi huisahau, nayo ni ya mtaji uliolala. Ikichukuliwa kuwa fedha hizo zingezaa asilimia 10 kwa mwaka mahali pengine, A inaongezewa Sh. 40,000 na B Sh. 300,000. Jumla ya mwaka ni Sh. 110,000 kwa A na Sh. 600,000 kwa B.

Tofauti ni Sh. 490,000 kwa mwaka, karibu Sh. 41,000 kila mwezi. Mwenye ukumbi ajiulize: je, yupo mteja atakayeongeza fedha hiyo kwa sababu ya deki? Kama hayupo, B si kitega uchumi. Ni starehe, na starehe ilipwe kwa faida iliyokwisha kupatikana, si kwa mtaji.

Lenzi ikikosekana, hali huwa mbaya zaidi. B itauzwa kwa bei ya vipuri, ichukuliwe Sh. 400,000. Gharama ya mwaka, pamoja na ya mtaji, inafika Sh. 820,000.

ANAYENUNUA ILI AUZE

Kwa muuzaji, swali kubwa ni muda wa bidhaa kukaa rafuni. Fedha zinazozungushwa kwenye redio ndogo, betri na chaja zikileta faida ya asilimia 5 kwa mwezi, Sh. 3,000,000 huzaa Sh. 150,000 kila mwezi. Deki ikikaa miezi 8 bila mnunuzi, muuzaji amekosa Sh. 1,200,000. Aiuze Sh. 4,200,000 ndipo awe sawa na jirani yake wa betri, kabla ya kumlipa dalali.

Soko lenyewe limebanwa. Nchini Marekani, CD zaidi ya milioni 940 zilisafirishwa kwenda sokoni mwaka 2000. Mwaka 2020 zilikuwa kama milioni 31. Linn ya Uskoti, iliyopata kuuza deki yake ya CD12 kwa dola 20,000 huko Marekani, ilitangaza mwaka 2009 kuwa inaacha kutengeneza deki za CD. Wanunuzi wa deki za kifahari wapo, lakini ni wachache, wanajuana, na wanajua bei kuliko muuzaji.

Kwa hali hiyo, njia iliyo salama kwa mwenye mtaji mdogo ni mali kauli. Mwenye deki aiache dukani, bei ya chini ikubaliwe kwa maandishi, na muuzaji achukue sehemu yake ikishauzwa. Mwenye mali akikataa kabisa, huenda naye anajua itachukua muda gani kupata mnunuzi.

Deki ya ghali inastahili bei yake pale mnunuzi anapoweza kutaja, kwa mdomo wake na bila msaada wa muuzaji, kila fungu linalipia nini, lenzi yake inapatikana wapi, na nani atainunua siku ikibidi iuzwe. Likikosekana jibu moja kati ya hayo matatu, bei ishuke au mnunuzi aondoke na mtaji wake.