Muthokoi Uive, Makaa Yabaki

Muthokoi na maharagwe ndicho chakula chetu hapa Kitui, lakini hakuna kinachomaliza makaa haraka kama hicho. Na makaa ni miti. Mwaka 2018 kaunti yetu ilipiga marufuku biashara ya makaa kwa sababu ya ukataji huo.

Leo tujifunze kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa, tandika ndani blanketi kuukuu, kisha shona mto wa kufunikia. Usiku loweka muthokoi na maharagwe. Asubuhi mwaga maji hayo. Chemsha kwa maji mapya, moto mkali, nusu saa. Usipunguze muda huu, kwani maharagwe mekundu yasiyotokota vizuri huumiza tumbo. Funika sufuria, itie kikapuni ingali moto, weka mto juu, kisha nenda shambani. Asichungulie mtu (watoto waambiwe mapema!), ukifunua, joto limekwisha.

Baada ya saa nne au tano, rudisha sufuria jikoni ichemke tena kabla ya kupakua. Ukikuta punje bado ngumu, ongeza dakika chache. Sufuria iwe imejaa zaidi ya nusu, maana chakula kidogo hupoa upesi.