Tuviamini kwa Kadiri Gani Vitabu vya Kuongoza Wasafiri?

Baada ya somo la Jiografia wanafunzi wawili wa kidato cha nne waliniuliza kama kitabu cha kuongoza wasafiri chatosha kumfikisha mtu katika nchi ya kigeni peke yake, bila mwenyeji. Naona heri nijibu hapa ili wazazi nao wasome, maana vijana wetu wengine wakimaliza shule huvuka mpaka kwenda kusoma au kufanya biashara.

Kabla ya kusoma habari za nchi usiyoijua, fungua kwanza kurasa za mahali unapopajua. Ninacho kitabu cha habari za Tanzania kilichopigwa chapa kabla ya mwaka wa 2012. Humo Bariadi imo katika Mkoa wa Shinyanga, na Lamadi imo katika wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Mwandishi hakusema uongo. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka wa 2012, Bariadi ikawa makao yake makuu, na wilaya ya Busega ikakatwa kutoka Magu. Kitabu hicho chafundisha pia kwamba salamu yetu ni "Jambo". Haya, mgeni na aende nayo sokoni Bariadi asubuhi, awasikie wazee wakiamkiana "Mwangaluka"! Lakini mto Simiyu bado wamwaga maji yake katika Ziwa Victoria kama kilivyosema.

Basi kitabu kimoja huwa na mambo yanayodumu na mambo yanayooza. Tazama mfano wa kale. Katika karne ya kwanza mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki kitabu cha kuongoza mabaharia, kiitwacho Periplus, akaeleza pwani yetu pia. Alitaja mji wa Rhapta, palipouzwa pembe za ndovu na magamba ya kasa. Mji huo umepotea, na hata leo wataalamu hawajakubaliana ulikuwa wapi. Lakini pepo za msimu zilizowasukuma mabaharia wale zingali zikivuma.

Juu ya bei sitasema mengi. Bei huoza kabla wino haujakauka. Sheria ndizo za kuangaliwa sana. Kitabu cha mwaka wa 2010 kitakuambia kwamba cheti cha chanjo ya homa ya manjano hudumu miaka 10. Tangu mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani limekubali kuwa chadumu maisha yote. Asiyejua hilo aweza kulipa na kuchomwa sindano mara ya pili bure. Kwa hiyo tafuta mwaka wa kupigwa chapa kabla ya kutazama picha.

Tena uliza: kitabu hiki kiliandikwa kwa ajili ya nani? Hili wengi hulisahau. Kurasa ndefu za viza zamhusu Mzungu. Raia wa Tanzania haombi viza kuingia Kenya, Uganda wala Rwanda, ila hana budi kuwa na hati halali ya kusafiria. Na lile linalokuhusu wewe laweza kukosekana kabisa. Chukua safari ya Rwanda kwa njia ya Ngara. Ukivuka daraja la Rusumo, magari yaliyokuwa yakipita kushoto sasa hupita kulia. Kitabu kilichoandikwa kwa Wafaransa huenda kisitaje neno, maana kwao pia magari hupita kulia. Lakini wewe uliyezoea kutazama kulia kwanza ndipo uvuke barabara, gari litakujia kutoka kushoto, na mguu mmoja umekwisha kuutia barabarani. Saa nazo hubadilika: kwetu ikiwa saa 2 asubuhi, Kigali ni saa 1. Mambo haya mawili muulize dereva wa lori aliyefika huko, naye atakueleza upesi kuliko kitabu. Habari za hati waulize maofisa wa Uhamiaji.

Kwa zoezi la muhula huu, kila mwanafunzi wa kidato cha tatu aandike ukurasa mmoja wa kumwongoza mgeni atokaye Kampala kuja Bariadi: apitie wapi, asalimu vipi, ajihadhari na nini masika. Juu ya ukurasa aandike tarehe. Kurasa zitahifadhiwa maktaba, na kidato cha tatu cha mwaka ujao watapewa kalamu nyekundu wazisahihishe.