Dola 80 za Bombay: Je, Alizistahili?

Muhula huu nilikwenda Kwihara na wanafunzi wa kidato cha tatu kuitazama tembe waliyokaa Stanley na Livingstone. Wakati wa kurudi, vijana wawili walibishana njia nzima juu ya mishahara ya wachezaji wa mpira. Mmoja alishika kwamba hakuna mtu anayestahili kulipwa mara mbili ya mwenzake aliye naye uwanjani. Nikawaambia kuwa neno hilo lilipita njia hii hii zamani, tena lina hesabu zake.

Mwaka 1871 Stanley alikuwa Unguja akitayarisha safari ya kumtafuta Livingstone. Alimwandika Sidi Mubarak Bombay awe mkubwa wa askari kwa dola 80 kwa mwaka, nusu yake mkononi kabla ya kuondoka, na juu yake bunduki, bastola, kisu na shoka. Watu wengine watano waliokwisha kumtumikia Speke walipata dola 40 kila mmoja, na askari wa kawaida dola 36. Basi Bombay alipata mara mbili ya Mabruki, na wote wawili walikanyaga vumbi lile lile toka Bagamoyo hadi Unyanyembe.

Wanaomtetea wana mengi ya kusema. Bombay alikuwa Myao, aliyetekwa utotoni akauzwa, akapelekwa India. Huko alijifunza Kihindustani. Speke naye alikijua Kihindustani lakini hakujua Kiswahili, kwa hiyo katika safari za 1857 hadi 1859, na tena 1860 hadi 1863, maneno mengi ya hongo, ya chakula na ya wapagazi waliogoma yalipitia kinywani mwa Bombay. Mwaka 1858 walitoka hapa Tabora wakafika Nyanza. Safari ya pili wakafuata mto Nili hadi Misri. Mtu wa namna hiyo ukimkosa, msafara unakaa njiani na nguo na shanga zinaliwa kwa hongo. Na tusisahau kwamba Speke alipata kumpiga ngumi akamng'oa meno ya mbele, jambo ambalo halikuandikwa katika mapatano yoyote!

Lakini hapa ndipo nilipowataka wanafunzi wafikiri vizuri. Stanley hakuwa Speke. Alisema Kiingereza, na alikuwa na mkalimani wake, kijana Mwarabu aitwaye Selim. Ule ujuzi uliomfanya Bombay awe lulu kwa Speke haukumfaa Stanley kwa kiasi kile kile. Alikuwa akilipwa mwaka 1871 kwa kazi aliyoifanya mwaka 1860. Stanley alimlalamikia sana kitabuni mwake, kwamba ni msahaulifu na mzembe. Pengine mtasema Stanley alikuwa mkali kwa kila mtu, nami nakubali. Lakini hata Cameron, aliyemchukua mwaka 1873, aliandika kwamba nguvu za zamani zimempungua na kwamba anaegemea sifa zake za nyuma.

Hata hivyo msafara wa Stanley ulifika Ujiji mwezi wa Novemba 1871, ingawa vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya kawaida. Na yule yule Bombay aliyepungukiwa nguvu alivuka bara zima na Cameron, akatokea bahari ya magharibi mwaka 1875. Jumuiya ya Jiografia ya London ilimtunuku nishani ya fedha, na baadaye ikampa pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Wanafunzi waliniuliza mimi ningemlipa nini. Kwa safari ya Speke ningetoa dola 80 bila kusita. Kwa safari ya Stanley ningempa 60, na ile nusu ya kwanza nisingeitoa yote Unguja; sehemu moja ningeiweka mpaka tufike Kwihara, na nyingine mpaka tuione Ujiji. Zile 20 zilizobaki ningewagawia wale watano, dola nne nne.