Chakula cha liwali

SWALI: Mchungaji, niko kwenye kamati ya mradi wa maji. Posho ya kikao ni halali kabisa, lakini mradi unasuasua kwa kukosa fedha. Nikiikataa, wenzangu watasema najifanya mtakatifu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, fungua Nehemia sura ya 5. Nehemia alikuwa liwali wa Yuda chini ya Artashasta, mfalme wa Uajemi. Cheo hicho kilikuwa na chakula chake, na maliwali waliomtangulia walikitoza kwa wananchi, pamoja na shekeli 40 za fedha. Yeye hakukila kwa miaka 12. Meza yake ililisha watu 150, na kila siku alichinjwa ng'ombe mmoja na kondoo sita wazuri, bila kudai posho ya liwali. (Si jambo dogo hilo, hata kwa mtu mwenye uwezo.)

Hakuna aliyemkataza kuidai. Anataja sababu mbili: kumcha Mungu, na mzigo uliokuwa tayari mzito kwa watu waliokuwa wameweka rehani mashamba yao wapate nafaka. Wala hakununua shamba lolote wakati huo.

Angalia pia kwamba alipowakemea wakuu kwa kutoza riba, alikiri kuwa yeye na ndugu zake nao walikopesha, akasema, tuache. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, usianze kwa hotuba. Iache posho yako kimyakimya vikao viwili vitatu, kisha ulete hoja ya kuipunguza kwa wote, nawe ukiwemo.